Hapa msasa unapigwa kweli kweli

KILA wiki kwenye kurasa hizi unakutana na neno lile lile. Waamuzi wapigwa msasa. Makocha wa vijana wapigwa msasa. Makamisaa wa mechi wapigwa msasa. Sisi waandishi ndio tunaoliandika, na limezoeleka mpaka hakuna anayekumbuka msasa wenyewe ni kitu gani. Ni ile karatasi ya chenga anayosugulia fundi seremala. Na kabla ya karatasi kuja, lilikuwa jani la mti wa msasa, gumu na lenye kukwaruza, ambalo mafundi wa zamani walilainishia mbao.

Sasa wiki hii ligi imesimama kupisha kalenda ya FIFA. Hakuna kikosi cha kubashiri, hakuna kocha wa kumtimua. Nikaona niwapeleke kwenye mchezo ambao msasa ni msasa wa kushika mkononi, na ukiupiga vibaya hupotezi pointi tatu tu, unaweza kupoteza ndege na mtu aliyemo ndani yake.

Mchezo wenyewe ni wa glaida, yaani ndege isiyo na injini. Inavutwa juu na ndege nyingine, au na winchi iliyofungwa mwisho wa uwanja, kisha kamba inaachiwa. Kuanzia hapo rubani anatafuta hewa ya moto inayopanda na kuzunguka ndani yake, kama mwewe anavyopanda juu ya mtaa bila kupiga bawa. Mashindano yake ni ya nani amemaliza njia ndefu kwa kasi zaidi. Mengine yanakwenda mamia ya kilomita kwa siku moja, bila tone la mafuta.

Hapa Afrika Mashariki waliouonja ni wachache. Kenya iliwahi kuwa na klabu yake pale Mweiga, karibu na Nyeri, kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Lakini nyumbani kwa mchezo huu ni Ujerumani, na huko ndiko tunakokwenda leo.

MLIMA ULIOANZISHA YOTE

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Mkataba wa Versailles uliwabana Wajerumani kwenye ndege za injini. Vijana wao wakasema sawa, basi tutaruka bila injini. Mwaka 1920 wakaanza kukusanyika kwenye mlima Wasserkuppe, katika safu ya Rhön, na vindege vya mbao na kitambaa. Mwaka 1937 mlima huo huo ukapokea mashindano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya dunia. Mwaka mmoja kabla, glaida zilikuwa zimeonyeshwa kwenye Olimpiki ya Berlin, na zilipangwa kuingia rasmi Olimpiki ya 1940. Vita ikafuta kila kitu.

Mabadiliko makubwa yalikuja 1957. Wahandisi wa Stuttgart walirusha Phönix, glaida ya kwanza duniani iliyojengwa kwa faiba badala ya mbao za kawaida na kitambaa. Miaka ya sitini Libelle ikaingia kiwandani, wengine wakafuata, na mbao zikaanza kuonekana za wazee.

Chukua mfano wa ASK 21, ambayo ndiyo basi la shule la klabu nyingi. Ina viti viwili, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma, na mabawa ya mita 17 kutoka ncha hadi ncha. Iliruka mara ya kwanza 1979. Inatengenezwa na kampuni ya Alexander Schleicher pale Poppenhausen, chini kabisa ya mlima ule ule wa Wasserkuppe, na zimetoka zaidi ya 900. Uwezo wake wa kuteleza ni 34 kwa 1: hewa ikiwa imetulia, kutoka mita 1,000 juu itakwenda kama kilomita 34 kabla ya kugusa chini. Kwa lugha ya nyumbani, iachie juu ya Uwanja wa Mkapa, itafika Bunju kwenye uwanja wa mazoezi wa Simba na chenji itabaki. Watu wa Yanga mnisamehe, nilichokuwa natafuta ni umbali tu.

RANGI KWANZA, UKUTA BAADAYE

Ili uelewe kwa nini watu wanasugua, lazima ujue glaida ya faiba inavyozaliwa. Inajengwa kinyume na nyumba. Nyumba unajenga ukuta, unapiga plasta, halafu rangi. Glaida inaanza na rangi.

Kuna kalibu kubwa lenye umbo la bawa, limelainishwa ndani kama kioo. Kitu cha kwanza kinachopulizwa humo ni jelikoti, rezini nzito nyeupe. Ikishika kidogo, ndipo mafundi wanalaza vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa gundi ya epoksi, kisha povu gumu jepesi, kisha kitambaa tena. Vikikauka, kalibu linafunguliwa, na bawa linatoka likiwa limeshapakwa "rangi" na linang'aa.

Weupe wake si urembo. Epoksi inalegea ikipata joto kali, na ndege nyeupe haili jua kama nyeusi. Ndiyo maana ukiona picha ya uwanja wa glaida, zote zimevaa jezi moja.

Ile jelikoti haibebi mzigo wowote. Nguvu zote ziko kwenye nyuzi za kioo chini yake. Kazi ya jelikoti ni kuzikinga dhidi ya jua na maji, na kuipa hewa njia laini ya kupita. Na sehemu nyingi unene wake hauzidi sana ule wa kadi ya benki. Hiyo kadi ya benki ishike kichwani, tutarudi kwake.

UFA

Jelikoti ni ngumu lakini haina uvumilivu. Bawa la glaida linapinda, ncha inanyanyuka juu kila linapobeba uzito hewani. Linapanda kwenye baridi kali, linashuka kuanikwa juani. Linakaa usiku kwenye trela lenye unyevu. Mwaka wa kwanza hakuna kitu, na mwaka wa kumi labda weupe umeanza kugeuka manjano. Halafu siku moja unapitisha kitambaa cha kusafishia, jua likiwa upande, unaona mstari mwembamba kama unywele ukikatiza bawa kutoka mbele kwenda nyuma. Wiki ijayo unaona wa pili. Baada ya misimu kadhaa bawa zima limekuwa kama kikombe cha kauri cha bibi, kile kilichojaa mistari lakini bado kinashika chai.

Hapo ndipo kila klabu inapoingia kwenye kishawishi, na kwangu mimi hiki ndicho kiini cha stori nzima. Kishawishi chenyewe ni kupaka juu. Unasugua kidogo, unapuliza rangi mpya, ndege inang'aa, picha zinapigwa. Bei nafuu, na wiki chache tu mko hewani.

Wanaoijua kazi hii watakwambia ufa haufichiki. Ufa ulioachwa chini ya rangi mpya unarudi juu, pale pale ulipokuwa, kwa sababu bawa bado linapinda pale pale. Na muda wote huo ulipojificha, maji yanaweza kuwa yanapenya, na ufa wenyewe unaweza kushuka kutoka kwenye jelikoti kwenda kwenye faiba, ambako ndiko kwenye nguvu. Tunawajua wachezaji waliochomwa sindano ya ganzi wakacheza fainali na goti bovu. Fainali walicheza. Muulize mtu yuko wapi sasa hivi.

Kwa hiyo dawa ni moja tu: kuitoa jelikoti yote iliyopasuka, mpaka ufa wa mwisho usionekane, ndipo upake upya. Na jelikoti iliyokauka haina kimiminika cha kuiyeyusha ambacho unaweza kukiamini karibu na epoksi. Inabaki mikono na msasa.

KUJUA WAPI PA KUSIMAMA

Maandalizi yanaanza kwa kuivua ndege. Mabawa yanatolewa, mkia unatolewa, utepe wa kuziba mianya unabanduliwa, gundi yake inasafishwa. Vitundu vidogo pembeni ya mwili vinavyopeleka hewa kwenye saa ya mwendo vinazibwa, maana vumbi likiingia humo rubani atasoma spidi ya uongo. Na kila kitu chenye silikoni kinafukuzwa karakana. Alama ya nta ya silikoni ikibaki, rangi mpya itakimbia pale na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Fundi rangi yeyote wa gereji pale Ilala ataelewa hili bila tafsiri.

Kisha unaanza na msasa mkali, namba 80 au inayokaribia hapo. Na unaanza mkavu. Kwenye magari tumezoea msasa wa maji, na huku pia maji yatakuja, lakini mwishoni. Mwanzoni nyufa ziko wazi na faiba iko karibu, ukimwaga maji unayapeleka kule kule ulikokuwa unayazuia.

Msasa haushikwi kwa kiganja. Kiganja kina vidole, na vidole vinachimba mifereji. Unabandikwa kwenye ubao mrefu ulionyooka, na unasuguliwa kwa mshazari, mara upande huu, mara upande ule, ili usikwangue sehemu moja. Wengine wanaanza na mashine ya umeme kuondoa tabaka la juu, ila kwenye kingo za bawa mashine inawekwa chini. Pale mbele bawa linapojikunja, sekunde chache tu za mashine zinatosha kula umbo lote.

Na umbo ndiyo kila kitu. Hewa inapopita juu ya bawa la glaida inatakiwa iteleze kimya kwa umbali mrefu kabla ya kuvurugika. Kwenye glaida za mashindano, mawimbi ya sehemu ya kumi ya milimita yanahesabika. Mmarekani mmoja wa Texas, Richard Johnson, rubani bingwa na mhandisi, alitumia miaka mingi kupima glaida moja baada ya nyingine na kuandika matokeo kwenye jarida la Soaring, na mojawapo ya vitu alivyopima ni mawimbi hayo kwenye ngozi ya bawa. Jicho halioni. Wasuguaji wanatumia ujanja wa penseli: unachora mistari juu ya bawa lote, unasugua kwa ubao, mistari ikibaki mahali ujue pale pamebonyea.

Sasa rudi kwenye kadi yetu ya benki. Unasugua, vumbi jeupe linadondoka, ufa bado unaonekana. Unaendelea. Ufa unafifia. Unaendelea tena kidogo. Ghafla weupe unakuwa mwepesi, chini yake inaanza kuonekana rangi nyingine, ya kijanikijani au manjano, na ukitazama vizuri unaona msuko wa kitambaa. Hiyo ni kadi nyekundu. Umefika kwenye faiba.

Tabaka lile la faiba la nje nalo mara nyingi halifiki milimita moja, na nyuma yake ni povu. Ukiendelea kusugua, vumbi linalodondoka sasa ni nyuzi zilizokuwa zinaibeba ndege. Hazirudi. Hapo itabidi aitwe fundi wa miundo, aangalie, na pengine alaze kitambaa kipya. Kazi iliyokuwa ya kupendezesha inageuka kuwa ya kuokoa.

Ndiyo maana nasema hii kazi ni ya ajabu. Ukisimama mapema, ufa umebaki. Ukichelewa, umekata nguvu. Katikati kuna nafasi ndogo kuliko ukucha, na haina VAR. Ni mkono, taa iliyowekwa pembeni, na akili ya mtu aliyekwisha choka, kwa sababu hii inakuwa saa ya nne ya Jumamosi na bado mita nane za bawa hazijaguswa.

Kuchoka kwenyewe usikuchukulie poa. Kazi ya kusugua na kupaka glaida moja ni ya mamia ya saa. Vumbi lile linaweza kuwa na chembe za kioo. Bila barakoa linaingia kifuani, na likigusa ngozi linawasha. Kama umewahi kupita wanapokarabati boti za faiba ukarudi nyumbani unajikuna shingo, basi umeonja. Wenzetu wanakaa nalo miezi ya baridi yote.

NANI ANASUGUA

Hapa ndipo niliwavulia kofia. Klabu nyingi za glaida Ujerumani si za matajiri na wala hazina mafundi wa kuajiriwa. Zinaishi kwa kazi za wanachama. Kila mtu ana saa zake za kufanya kazi kwa mwaka, na asiyezitimiza kwa kawaida analipa fedha. Hali ya hewa ikiwa mbaya na hakuna kuruka, ndege zinaingizwa karakana na watu wanaitwa. Mwanasheria anasugua. Dereva wa lori anasugua. Na wanafunzi wanasugua.

Wanafunzi wenyewe ni watoto. Kule kijana anaruhusiwa kuruka peke yake, bila mwalimu, akifikisha miaka 14. Leseni anaweza kuipata akiwa na 16. Kwa hiyo kuna binti wa darasa la tisa ambaye Januari ameshika ubao wa msasa juu ya bawa, na Mei atakaa chini ya bawa hilo hilo, mita mia kadhaa juu, hakuna mtu kiti cha nyuma. Sijui kama kuna klabu yetu ya Ligi Kuu ambayo mchezaji wa kikosi cha vijana anashona nyavu atakazofungia.

Na kuna hesabu ya pesa juu ya vichwa vyao. Kuipeleka glaida kwa mafundi wa kulipwa, hata huko Ulaya Mashariki ambako wengi hupeleka kwa kuwa gharama iko chini, ni fedha nyingi. Kwa glaida za kiti kimoja za miaka ya sabini, bei ya kazi inaweza kuipita bei ya ndege yenyewe. Ndipo kamati inakaa na kujiuliza: tusugue wenyewe, tuuze, au tuiache nje izeeke? Ndege yenye mifupa mizima inaweza kuishia kwenye nyasi nyuma ya banda kwa sababu ya ngozi tu. Kila Jumamosi ya msasa ni kura ya kwamba hii isiachwe.

MZANI UNAPOAMUA

Tuseme wamemaliza. Nyufa zimeisha, jelikoti mpya au rangi ya poliyurethani imepulizwa, wamerudi tena na msasa, safari hii wa maji, namba 400, 600, 800, 1,000, mpaka na polishi. Ndege inang'aa kuliko siku ilipotoka kiwandani. Mtu wa mpira angesema leteni mechi.

Bado. Kuna kitu kinachoitwa kwa Kiingereza flata, na ndicho kinachowatia watu hofu. Kwenye ukingo wa nyuma wa bawa na kwenye mkia kuna vibao vinavyocheza kwenye bawaba, ndivyo vinavyoigeuza na kuinyanyua ndege. Kila kibao kina uzito wake na mizania yake. Ukikiongezea rangi nyuma ya bawaba, hata gramu chache tu, kinakuwa kizito mkiani. Kwenye spidi fulani kinaanza kupepea chenyewe, kama bendera kwenye upepo mkali, kwa kasi ambayo mkono wa rubani hauwezi kuizuia. Ndani ya sekunde chache kinaweza kung'oka, au bawa likavunjika.

Kwa hiyo vibao vinapimwa kimoja kimoja, uzito na mizania, na namba zinalinganishwa na kitabu cha kiwanda. Kikizidi, hakuna kubembelezana. Rangi ile nzuri iliyopigwa polishi wiki nzima inasuguliwa tena, safari hii ili ipungue. Nimejaribu kufikiria sura ya aliyeing'arisha. Ni kama goli la dakika ya 90 linalokataliwa, tofauti ni kwamba huyu hata yeye mwenyewe anakubaliana na mwamuzi.

Baada ya vibao inapimwa ndege nzima, maana kilo zilizotoka na kilo zilizoingia hazijalingana, na mahali pa kitovu cha uzito pakisogea hata rubani mzuri anapata shida. Mkaguzi mwenye leseni anapita, anasoma karatasi, anapitisha kiganja chini ya bawa ambako wavivu hudhani hakuna atakayegusa. Akiridhika anasaini.

Halafu siku yenyewe inafika. Majani yamekatwa, winchi imewashwa, utepe mpya umebandikwa kwenye mianya ya mabawa. Mwalimu mzoefu ndiye anayetangulia, na waliosugua wanasimama pembeni wakiangalia juu mpaka shingo ziume. Ikitua, kabla hata hajavua mikanda, tayari kuna mtoto amekuja mbio na ndoo na sponji kufuta wadudu waliojigonga mbele ya bawa.